Kikombe hakijivunji

Mhariri,

Kurasa za barua za wasomaji hazikosi malalamiko kwamba watu siku hizi hawajui kuandika. Zinalaumiwa simu, zinalaumiwa shule, wanalaumiwa vijana. Sisi tunaokuandikia kazi yetu ni kuhariri miswada na kuwafundisha watu wazima uandishi wa kila siku: ripoti, matangazo, maelekezo ya matumizi, barua za kudai na za kuomba radhi. Kwa maoni yetu lawama hizo zinapiga pembeni. Kasoro nyingi tunazosahihisha kwa kalamu hazikuzaliwa kwenye karatasi. Zimezaliwa katika namna mtu anavyoahidi, anavyoelekeza, anavyokiri kosa. Karatasi inazianika tu. Ndiyo maana anayejifunza kunyoosha sentensi hujikuta amenyoosha na shughuli zake, na fundi aliyezoea kazi ya utaratibu, hata kama hajawahi kuandika zaidi ya ukurasa mmoja, hufundishika upesi kuliko msomi mwenye maneno mengi.

Tuanze na kikombe. Kiswahili kina kiambishi kidogo kinachokaa mwishoni mwa kitenzi, -ik- na ndugu yake -ek-. Vunja huwa vunjika, mwaga huwa mwagika, haribu huwa haribika. Kitenzi kikishavaa kiambishi hicho, mtendaji anatoweka. "Kikombe kimevunjika." Sentensi imekamilika, sarufi imeridhika, na aliyekiangusha ameshatoka mlangoni. Linganisha na "kimevunjwa": hapo angalau msomaji anajua kuna mtu, ingawa hajatajwa.

Kiambishi chenyewe hakina hatia. Kamba iliyochakaa hukatika, nguo kuukuu huchanika, tawi huvunjika kwa upepo, na hakuna wa kumshika. Tatizo ni pale tunapokivaa kama kanzu ya kujifichia. Tazama barua hii ya kuomba radhi, ya aina tunayoisoma kila wiki:

"Tunaomba radhi kama kuna usumbufu wowote uliojitokeza. Mzigo ulichelewa na baadhi ya vitu viliharibika. Jambo hili limesikitisha sana."

Sentensi tatu, na milango sita ya kutorokea. "Kama" inatilia shaka kwamba kuna kosa. "Wowote" inasema kosa halijulikani. "Uliojitokeza" inadai usumbufu ulikuja wenyewe, kama uyoga. Mzigo "ulichelewa" kwa hiari yake, vitu "viliharibika" vikiwa peke yao, na jambo "limesikitisha" bila kusema limemsikitisha nani. Mpokeaji hawezi kukuonyesha milango hiyo kwa kidole, lakini anaihisi yote, na hasira yake inaongezeka badala ya kupungua. Kisha mwandishi analalamika kwamba wateja wa leo hawana shukrani!

Barua hiyohiyo ikiandikwa na mtu aliyekubali kosa:

"Tuliahidi kukuletea mzigo Jumanne. Tumeuleta Ijumaa kwa sababu tulisahau kutafuta gari mapema. Katika viti 12, tumevunja viwili, kwa kuwa tulivipanga chini ya meza. Tutaleta viti viwili vipya kabla ya saa 6 mchana, Alhamisi tarehe 14, kwa gharama yetu."

Hapa mna mambo manne, na mpangilio wake si wa bahati: tuliloahidi, tulilofanya, sababu, malipo yenye siku na saa. Ukitanguliza sababu kabla ya kukiri, msomaji anaona unajitetea, na hata ukikiri baadaye ameshafunga masikio. Ukiacha malipo bila tarehe, umeongeza ahadi nyingine juu ya ile uliyoivunja. Na sababu lazima iwe sababu kweli, isiwe kisingizio. Kipimo chetu ni rahisi: sababu ina kitenzi ambacho wewe ndiye mtendaji wake, na unaweza kukibadilisha safari ijayo. "Tulisahau kutafuta gari" ni sababu. "Hali ya usafiri ilikuwa ngumu" ni kisingizio, hata kama ni kweli.

Zoezi tunalowapa wanafunzi linahitaji kalamu na dakika kumi. Zungushia kila kitenzi katika barua yako. Chini ya kila kimoja andika jibu la swali moja: nani? Jibu likiwa "mimi" au "sisi", nawe kwenye kitenzi huioni ni- wala tu-, andika upya. Baada ya siku chache wanafunzi wengi wanatuambia jambo ambalo hatukuwafundisha: wameanza kusikia kiambishi hicho vinywani mwao. Wanasikia wakisema "ilisahaulika" walipotaka kusema "nilisahau". Wanasikia watoto wao wakisema "maji yamemwagika", na wanatambua kwamba mtoto hakujifunza hivyo darasani. Amejifunza baada ya kusema "nimemwaga" na kuchapwa. Mtu anayetaka ukweli kwenye ripoti za kazini kwake na aanze kwa kuangalia anampokeaje wa kwanza kusema "nimekosea".

Upande wa pili wa radhi ni lalamiko, na hapa wanadamu wana mazoezi ya muda mrefu. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna kibao cha udongo kutoka mji wa kale wa Ur, katika Iraki ya leo, cha mnamo mwaka 1750 kabla ya Kristo. Mtu aitwaye Nanni anamlalamikia mfanyabiashara Ea-nasir juu ya shaba mbovu. Kibao kinaenea kiganjani. Nanni amekasirika, na hafichi, lakini angalia alivyopanga: kwanza anataja ahadi aliyopewa ya shaba nzuri, kisha anaeleza kilichotokea, kwamba mjumbe wake alionyeshwa shaba duni na kuambiwa achukue au aondoke, mwishoni anasema atakalofanya, yaani tangu siku hiyo atachagua shaba mwenyewe, kipande kimoja kimoja, uani kwake. Ahadi, tendo, hatua. Barua nyingi za kudai zinazopita mikononi mwetu zinakosa la kwanza na la tatu, zikabaki na hasira katikati. Mdaiwa akizisoma hajui afanye nini ili zisiandikwe tena.

Sasa tuje kwenye maelekezo, maana hapo uandishi na maisha vinashikana koo. Chukua maji ya chumvi na sukari anayopewa mtu anayeharisha pale pakiti za dawa za kuongeza maji mwilini zinapokosekana. Mtu anayejua kuyatengeneza akiulizwa husema: "Weka sukari ya kutosha na chumvi kidogo kwenye maji, mpe mara kwa mara." Kwa mdomo, akiwa amesimama jikoni, maelekezo hayo yanatosha, kwa sababu mkono wake unaonyesha "kidogo" ni kiasi gani. Mkono huo hauendi na karatasi. Kwenye karatasi "ya kutosha", "kidogo" na "mara kwa mara" ni mashimo matatu, na mashimo haya yanaua. Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi, inavuta maji kuingia utumboni na kuharisha kunaongezeka.

Maandishi yanayobeba mkono wa mjuzi yanasema hivi: pima maji safi lita 1 katika chombo unachojua ujazo wake. Tia sukari vijiko vya chai 6, kila kijiko kikiwa kimesawazishwa juu kwa kitu kilichonyooka, kisiwe na kilima. Tia chumvi nusu ya kijiko cha chai, nayo imesawazishwa. Koroga hadi usione punje. Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Yanayobaki baada ya saa 24 mwaga, tengeneza mengine.

Ona kwamba hakuna neno la kuvutia hata moja. Neno lililofanya kazi kubwa kuliko yote ni "kimesawazishwa". Kijiko chenye kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kilichosawazishwa, kwa hiyo namba 6 bila neno hilo ni namba ya uongo. Waandishi wachanga hudhani usahihi ni kuweka tarakimu. Tarakimu isiyosema inapimwaje ni "kidogo" iliyovaa suti.

Maelekezo yakishaandikwa, mwandishi hana uwezo wa kuyapima mwenyewe, kwa kuwa kila penye shimo akili yake inajaza. Mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo. Kaa kando, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Kila anapoinua macho kukutazama, weka alama kwenye nakala yako: hapo ndipo pana shimo. Usimjibu. Ukimjibu umeokoa kazi ya siku hiyo na kuharibu maandishi. Ni jaribio gumu kwa watu wenye huruma, na gumu zaidi kwa walimu. Lakini aliyelifanya mara mbili tatu hubadilika hata katika kuagiza kazi kwa mdomo. Badala ya kuuliza "umeelewa?", swali ambalo jibu lake siku zote ni "ndiyo", anasema "hebu niambie utaanza na nini".

Kuna jambo ambalo waelekezaji wa njia wanalijua kuliko waandishi. Mtu mzuri wa kuelekeza hakuambii tu pinda wapi. Anaongeza: "Ukiliona daraja, ujue umepita." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana katika vitabu vya maelekezo karibu vyote. Mwandishi anaeleza njia sahihi kana kwamba msomaji hatapotea kamwe. Kila hatua yenye hatari ya kukosewa inahitaji alama mbili: ukipatia utaona nini, ukikosea utaona nini. Na onyo linakaa kabla ya tendo. "Fungua kifuniko. Kabla ya kufungua, hakikisha mashine imepoa" ni sentensi iliyokwisha kumuunguza msomaji, kwani watu hufanya kadiri wanavyosoma.

Kuhusu kurekebisha maandishi, mwalimu tunayempendekeza ni fundi baiskeli. Pancha inazibwa hivi. Toa upepo wote, bandua upande mmoja wa tairi, vuta tyubu. Ijaze upepo kidogo, izamishe kwenye beseni la maji sehemu baada ya sehemu, na penye mapovu weka alama. Ikaushe. Piga msasa eneo kubwa kuliko kiraka chenyewe, maana gundi haishiki kwenye mpira laini wala wenye vumbi. Paka gundi nyembamba, kisha subiri. Dakika tatu hadi tano, hadi mng'ao wake upotee. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanabandika kiraka gundi ikiwa mbichi, kinateleza na kung'oka siku hiyohiyo. Bandika, kandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki ndani.

Bado hujamaliza. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote. Mwiba uliotoboa bado umo. Asiyeutoa atarudi kesho na pancha palepale, akimlaumu muuza gundi.

Mhariri anayejua kazi yake hufanya vivyo hivyo. Aya inayovuja huwa na mwiba, na mara nyingi mwiba hauko kwenye sentensi inayokera. Sentensi ya tano imejikunja kwa sababu ya pili ilisema jambo ambalo mwandishi hakuwa na uhakika nalo, na tatu zilizofuata zinahangaika kuliziba. Kupiga msasa sentensi ya tano ni kubandika kiraka juu ya mwiba. Rudi nyuma upapase hadi uipate ya pili, uifute au uihakikishe. Tumeona aya za sentensi tisa zikibaki nne baada ya kufuta moja tu.

Tena kuna utaratibu wa kupitia rasimu, ambao kila aliyewahi kufanya usafi wa nyumba anaujua. Ukipiga deki kabla ya kufuta utando wa buibui darini, utapiga deki mara mbili. Rasimu nayo husafishwa kutoka juu kwenda chini, mzunguko mmoja kazi moja. Mzunguko wa kwanza: lililokusudiwa limo, na lisilohusika limetoka? Wa pili: mpangilio. Wa tatu: sentensi, zikisomwa kwa sauti, panapokata pumzi panahitaji nukta. Wa mwisho ndio tahajia, na huu usome kutoka sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, ili maana isikubebe ukapita juu ya kosa. Anayeanza na tahajia hupoteza zaidi ya muda. Sentensi akishaing'arisha anaionea uchungu, hataki tena kuifuta hata ikiwa haina kazi.

Kati ya kuandika na kusafisha, acha usiku mmoja upite. Watu hupenda kufananisha mapumziko haya na zege, ambalo fundi hulimwagilia maji siku 7 na kupima nguvu zake siku ya 28. Mfano una kasoro. Zege hubadilika lenyewe likiwa limelala. Rasimu haibadiliki hata nukta. Anayebadilika ni wewe: umesahau ulichotaka kusema, na kwa mara ya kwanza unasoma ulichosema. Kwa ujumbe wa hasira kanuni hii si anasa. Uandike kwenye sehemu ya kuhifadhi kumbukumbu, usiuandike kwenye dirisha la mazungumzo, ili kidole kisikutangulie. Asubuhi utakuta theluthi yake inafaa kutumwa, na kwa kawaida ni ile theluthi yenye tarehe na kiasi.

Kupunguza maneno tutaligusa kidogo tu, kwani walimu wengi wanalihubiri. "Tungependa kuchukua fursa hii kuwajulisha wakazi wote kwamba zoezi la usafi linatarajiwa kufanyika siku ya Jumamosi." Maneno 16, na msomaji bado hajui saa wala abebe nini. "Usafi ni Jumamosi, saa 1 asubuhi hadi saa 3, kila nyumba ilete ufagio mmoja." Maneno 14. Mawili yamepungua, lakini faida iko kwingine: mafuta yalipotoka nafasi ilionekana, na mwandishi akagundua kwamba mwenyewe hajapanga saa. Tangazo refu lilikuwa linaficha mkutano ambao haujafikia uamuzi.

Kiswahili chetu kina mitego yake miwili ambayo mazungumzo huifunika na maandishi huifunua. Wa kwanza ni saa. Simu inaonyesha 8:00, mdomo unasema saa mbili. Anayeandika "tukutane saa 2" bila kuongeza asubuhi, mchana au usiku ameacha mlango wazi, na hasa kama mpokeaji anafanya kazi na watu wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane. Andika sehemu ya siku kila mara, na panapohusika usafiri au hospitali andika zote mbili: saa 2 asubuhi (8:00). "Kesho" nayo huoza. Ujumbe ulioandikwa usiku na kusomwa asubuhi umeshapoteza siku moja. "Jumatano ijayo" ukiiandika Jumatatu, nusu ya watu watakuja keshokutwa na nusu wiki inayofuata. Tarehe haina ubishi.

Mtego wa pili: "Asha alimwambia Rehema kwamba mkoba wake umepatikana." Mkoba wa nani? Lugha yetu haibagui jinsia wala haionyeshi ni "yeye" yupi. Kwa mdomo kazi hiyo hufanywa na jicho na kidole. Tiba yake ni kurudia jina, hata kama mwalimu wa shule alikuambia kurudiarudia ni kosa. Au nukuu maneno yenyewe: Asha alimwambia Rehema, "Mkoba wako umepatikana." Tunakisia kwamba ugomvi mwingi wa makundi ya familia kwenye simu huanzia kwenye "-ake" moja.

Tumebakiza orodha, aina ya maandishi inayodharauliwa kuliko zote, ingawa ndiyo mzee wa ukoo. Maandishi ya kale kabisa yanayojulikana, ya mji wa Uruk, huko huko Iraki ya leo, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, hayakuwa mashairi. Yalikuwa hesabu: shayiri, kondoo, posho za wafanyakazi. Na orodha haijastaafu. Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege mpya ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka huko Ohio, Marekani. Marubani walikuwa hodari. Kilichosahaulika (tuseme wazi: walichosahau) ni kufungua komeo linalozuia mabawa madogo ya mkiani yasipigwepigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Marubani wenzao hawakudai mafunzo marefu zaidi. Waliandika orodha fupi ya kusoma kabla ya kuruka.

Madaktari wa upasuaji walifuata nyayo hizo. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 ina vipengele 19, vilivyogawanywa katika vituo vitatu: kabla ya kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, na matokeo kuchapishwa mwaka 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Miongoni mwa vipengele hivyo kimo hiki: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Kinaonekana cha kitoto. Lakini mtu aliyekwisha kutoa sauti mara moja ni rahisi kwake kuitoa tena akiona kosa.

Orodha nzuri, iwe ya ndege au ya kufunga nyumba kabla ya safari, haiandiki kila kitu. Hakuna haja ya kuandika "vaa viatu". Inaandika yale tu ambayo ni rahisi kuyasahau na ghali kuyalipia: valvu ya gesi, bomba kuu la maji, madirisha ya nyuma, dawa, hati ya kusafiria. Vipengele 5 hadi 9 kwa kituo kimoja. Vikizidi, watu huweka tiki bila kusoma. Kila kipengele ni kitenzi na kitu, na jibu lake ni ndiyo au hapana. "Usalama wa jiko" si kipengele. "Valvu ya gesi imefungwa?" ni kipengele. Na orodha ina mahali pake: ya kufunga nyumba hubandikwa upande wa ndani wa mlango wa kutokea. Ikikaa ndani ya daftari haifungi valvu.

Tuna ombi moja kwako, Mhariri. Magazeti yetu yanapokosea, masahihisho hukaa pembeni kwa herufi ndogo, na husomeka hivi: "Katika toleo lililopita jina liliandikwa kimakosa. Usumbufu uliojitokeza unajutiwa." Jina liliandikwa, usumbufu ukajitokeza, majuto yakajijutia. Tunapendekeza gazeti lako lijaribu kwa miezi mitatu umbo lifuatalo, kwa herufi za ukubwa uleule wa habari iliyokosewa:

"Jumatatu tarehe 3, ukurasa wa 5, tuliandika kwamba daraja litafungwa siku 10. Ni siku 20. Tulinakili tarehe kutoka tangazo la zamani bila kupiga simu kuhakikisha. Tangu leo, tarehe yoyote ya kufunga barabara tunaithibitisha kwa simu siku ya kuchapa. Aliyepanga safari kwa kutuamini, tumemkosea."

Ni maneno 43. Tumeyahesabu, nafasi ipo.

Wasomaji wako,
Wahariri wa miswada